Shauku Mahususi: Istilahi ya Usonji na Kiswahili Chake

Anayesoma maandishi ya Kiingereza kuhusu usonji hachukui muda kabla ya kukutana na istilahi "special interest". Humaanisha jambo, kitu au uwanja wa maarifa ambao mtu mwenye usonji huupenda kwa kina kisicho cha kawaida, akaufuatilia kwa miezi au miaka, na mara nyingi akaujua kuliko wakubwa wanaomzunguka. Huweza kuwa treni, sayari, ramani, bendera, wadudu, kalenda, lifti au mwimbaji mmoja tu. Kwa wengi huanza utotoni, hata kabla ya shule. Makala haya yanaieleza dhana hiyo, yanazipima tafsiri ambazo Mswahili anaweza kuichagulia, kisha yanatetea moja: shauku mahususi.

Suala lenyewe si dogo. Jina ambalo mzazi atalisikia kwa daktari au mwalimu lina nguvu ya kumfanya aikatize shauku ya mwanawe, au aipe nafasi.

Dhana ilikotoka

Neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa usonji (kwa Kiingereza, "autism") lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwanzoni mwa karne ya 20, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi. Yeye alikuwa akieleza dalili ya skizofrenia. Maana tuliyoizoea leo ilikuja baadaye. Mwaka 1943 Leo Kanner, daktari wa akili ya watoto katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, alichapisha makala kuhusu watoto 11 wenye hali hiyo. Mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna aliandika kuhusu watoto waliojichagulia mambo ya kupenda kama hesabu, kemia, mashine, hata sumu, na kuyajua kwa kina. Jina la Asperger limeingia doa tangu mwaka 2018, mwanahistoria Herwig Czech alipoonyesha kuwa alishirikiana na utawala wa Wanazi na kuwapeleka baadhi ya watoto katika kliniki ya Am Spiegelgrund, ambako watoto wenye ulemavu waliuawa.

Mtoto wa kwanza katika makala ya Kanner aliitwa Donald. Leo anajulikana kwa jina kamili: Donald Triplett, aliyezaliwa mwaka 1933, wa mji mdogo wa Forest katika jimbo la Mississippi. Kabla ya kufikisha miaka miwili alizijua kwa majina nyumba nyingi za mjini kwao. Alikariri Zaburi ya 23 pamoja na maswali na majibu 25 ya katekisimu ya Kipresbiteri. Alipenda kuzungusha sakafuni chochote kinachozunguka, kuanzia vipande vya mbao vya kuchezea hadi sufuria.

Mwaka 1942 wazazi wake walimpeleka akaishi na mkulima mmoja na mkewe, kiasi cha maili 10 kutoka nyumbani. Kanner alipowatembelea Mei 1945 alistaajabia hekima yao. Wakati huo Donald alikuwa amezama katika vipimo, nao wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaarifu kina chake. Alipoanza kuokota ndege na wadudu waliokufa, walimtengea kipande cha ardhi kiwe makaburi, naye akasimika vibao. Kila kibao kilikuwa na jina la kwanza, kisha aina ya mnyama, kisha jina la ukoo la mkulima mwenyewe. Konokono mmoja akazikwa hivyo kama mwanafamilia, na kibao chake kikasema tarehe ya kuzaliwa haijulikani, ya kufa ikaandikwa. Donald alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, walimkabidhi farasi na plau, aihesabu huku akilima. Kanner alimwona akimaliza mistari sita mirefu, akiimudu plau na farasi vizuri kabisa.

Wakulima wale hawakuwa na istilahi ya kitaalamu. Waliona mtoto anavutwa na nini, wakakifuata hicho hadi kikazaa kazi. Donald alihitimu chuo mwaka 1958, akafanya kazi benki katika mji wake, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi, na kufariki Juni 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na uwezo na mji ulimpokea, na hayo yalimsaidia sana. Hata hivyo, shamba lile linabaki mfano bora wa dhana tunayoitafutia jina.

Lugha ya madaktari imekuwa na ukali zaidi. Mwongozo wa utambuzi wa Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani, katika toleo la tano la mwaka 2013, unazitaja shauku hizi kuwa finyu, zilizoganda, na zisizo za kawaida kwa nguvu au kwa lengo lake. Ni moja kati ya dalili nne za tabia zinazojirudia, na mtu huhitaji angalau mbili kati ya hizo nne, pamoja na vigezo vingine, ili atambuliwe kuwa na usonji. Kwa hiyo wapo watu wenye usonji wasio na shauku ya namna hii, na mfasiri asiandike kana kwamba kila mmoja anayo.

Tafsiri zinazopotosha

Tafsiri ya kwanza kumjia mfasiri mwenye haraka ni "masilahi maalumu", kwa kuwa masilahi ni moja ya maana za neno "interest". Lakini masilahi ni kinachomnufaisha mtu. Masilahi ya wafanyakazi ni mshahara, posho na bima, na mgongano wa masilahi ni suala la maadili ya uongozi. Mtoto anayejua kila kitu kuhusu Zohali na pete zake hana masilahi yoyote huko. Anaipenda tu.

Ya pili ni "uraibu". Neno hili zamani lilitajwa pamoja na tambuu na tumbaku. Leo tunalitumia kwa dawa za kulevya, pombe na kamari. Uraibu humla mtu, na tiba yake ni kuacha. Mzazi akiambiwa mwanawe ana uraibu wa ramani, atazificha ramani, na atakuwa amelitii neno lilivyomwelekeza.

Ya tatu ni lugha ya mtaani: "ana kichaa cha magari." Kwa kijana mpenda mpira hilo ni neno la utani, sawa na kumwita mnazi wa Simba au wa Yanga. Kwa mtoto ambaye majirani wameshamnong'onezea mama yake habari za majini na laana, utani huo unaumiza, na haufai kuingia katika maandishi yoyote ya kitaalamu.

"Hobi" na "burudani" hazina madhara, ila ni nyepesi mno. Hobi huwekwa kando mgeni akibisha hodi. Shauku tunayoizungumzia humpa mtoto utulivu siku inapomwelemea, na humpa pia njia ya kuuelewa ulimwengu.

"Kipaji" ni neno zuri linaloahidi kupita kiasi. Wapo wenye usonji wenye vipaji vya kustaajabisha. Stephen Wiltshire wa London, ambaye tangu utotoni alipenda kuchora majengo, mwaka 2005 aliruka kwa helikopta juu ya Tokyo kisha akauchora mji huo kwa kumbukumbu kwenye turubai lenye urefu wa mita 10. Lakini mtoto anayetulia akitazama feni ikizunguka hana deni la kipaji kwa dunia, wala dunia isimdai. Haki yake ya kuipenda feni haitegemei faida itakayotoka humo.

Kwa nini shauku mahususi

Shauku, neno lililotufikia kutoka Kiarabu, ni hamu kubwa inayouvuta moyo. Tunasema shauku ya elimu, shauku ya kusafiri, shauku ya kujua. Lina joto la moyo ndani yake, wala halinuki ugonjwa. Linamfaa mtoto wa miaka minne kama linavyomfaa profesa.

Kivumishi nacho kinahitaji uangalifu. "Maalumu" kingeonekana chaguo la moja kwa moja, lakini katika elimu yetu kimeshajaa maana: mahitaji maalumu, shule maalumu, kitengo maalumu. Tukisema "shauku maalumu", msikilizaji atadhani ni shauku ya watu wenye ulemavu, ya aina yake na ya kutengwa. "Mahususi" husema tu kwamba shauku imeelekea jambo hili na si lingine, na hilo ndilo tunalotaka kusema.

Kisarufi istilahi hii haina usumbufu. Shauku huingia ngeli ya I-ZI na mahususi haibadiliki, kwa hiyo tutaandika: shauku yake mahususi ni treni, shauku zake mahususi zimebadilika tangu mwaka jana, mtoto huyu hana shauku mahususi kwa sasa. Mwenyewe tumwite mtu mwenye usonji. "Mgonjwa wa usonji" na "anayesumbuliwa na usonji" tuziache, kwani usonji ni namna ubongo ulivyojengeka.

Ipo hoja kwamba shauku huwaka na kuzimika, ilhali jambo hili huweza kudumu maisha yote. Ni hoja ya haki. Jibu ni kwamba muda wake hutofautiana hata kwa watu wenye usonji wenyewe: wengine hushika jambo moja tangu utoto hadi uzee, wengine hubadilisha kila baada ya miezi. Istilahi isiyotaja muda inawakusanya wote.

Istilahi jirani

Kuna nadharia inayoeleza kwa nini shauku hizi zina nguvu kiasi hicho. Mwaka 2005 Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson waliandika kwamba umakini wa binadamu una kiasi chake, na kwamba akili ya mtu mwenye usonji huelekeza sehemu kubwa ya umakini huo kwenye mambo machache kwa wakati mmoja. Kwa Kiswahili napendekeza tuiite nadharia ya umakini wa mkondo mmoja. Mto uliokusanyika katika mkondo mmoja hukimbia kwa nguvu, na ukizibwa ghafla hufurika. Ndiyo maana mtoto aliyezama katika kitabu cha wadudu hulia akinyang'anywa bila taarifa. Akiambiwa mapema, "Tukimaliza ukurasa huu tunakwenda kula," hupata nafasi ya kutoka taratibu.

Shauku mahususi itofautishwe pia na ugonjwa wa fikra na matendo ya kulazimika, ule unaomfanya mtu anawe mikono hadi ngozi ichubuke. Humo fikra humvamia mtu asiyezitaka na kumtia hofu, ilhali katika shauku mtu hupata raha na hurudi kwa hiari yake. Yote mawili huweza kumpata mtu mmoja, hivyo kuyatenganisha ni kazi ya daktari.

Istilahi katika matumizi

Watafiti wameanza kusikiliza zaidi. Mwaka 2007 Mary Ann Winter-Messiers wa Marekani alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watoto na vijana, walipozungumzia shauku zao, walibadilika: usemi uliimarika na mwili ukachangamka. Utafiti wa Rachel Grove na wenzake, wa mwaka 2018, kuhusu watu wazima wenye usonji, ulihusisha shauku mahususi na kuridhika na maisha, ingawa waliozama kupita kiasi hali yao ilikuwa duni zaidi. Wasichana wenye usonji nao husahaulika, kwa kuwa shauku zao mara nyingi hufanana na za wenzao, kama farasi, hadithi au mwanamuziki. Mtu asipotazama kina cha shauku hataona tofauti.

Temple Grandin, aliyezaliwa Boston mwaka 1947, alikuwa msichana katika ranchi ya shangazi yake huko Arizona alipovutiwa na mtambo unaombana ng'ombe mbavuni ili atulie wakati wa chanjo. Alijitengenezea wake, ukamtuliza mwenyewe. Wako wakubwa waliotaka aachane nao. Mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, alimhimiza asome ili ajue kwa nini unatuliza. Mwaka 1989 alipata shahada ya uzamivu katika sayansi ya wanyama, na miundo yake ya mazizi na njia za kupitishia ng'ombe inatumika sehemu nyingi duniani.

Kwetu pia walimu wanaweza kufanya hivyo. Mtoto wa Dar es Salaam anayeijua kila daladala kwa rangi ya michirizi yake, au wa Nairobi anayejua kuwa 46 ni Kawangware, 58 ni Buruburu na 111 ni Ngong, tayari ana ramani, hesabu na usomaji kichwani mwake. Mwalimu aanzie hapo. Mzazi aweke mipaka panapohusika usalama, usingizi na chakula, na asiigeuze shauku kuwa adhabu ya kunyimwa kila mtoto anapokosea, kwa maana atakuwa anamnyang'anya kinachomtuliza wakati anapokihitaji zaidi.

Natoa wito kwa wafasiri, walimu, madaktari na wanaosanifisha istilahi zetu: tuandike shauku mahususi, tuache uraibu na masilahi katika habari hii. Fomu za shule na kliniki hujaza kurasa kwa maswali ya nini mtoto hawezi. Ziongezwe mstari mmoja, tena uwe wa kwanza: shauku mahususi ya mtoto ni ipi? Na wewe msomaji, ukiwa na mtoto wa namna hii nyumbani, kaa naye leo akueleze anachokipenda, na umsikilize mpaka amalize.