Beringi za magurudumu Karagwe

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipopokewa na Rumanyika, Omukama (mfalme) wa Karagwe, huko Bweranyange mwezi Novemba 1861, mizigo ya msafara wake ilibebwa na wapagazi. Chuma hakikuwa kigeni Karagwe: wahunzi wake walifua majembe, mikuki na hata ng'ombe wa chuma wa ikulu. Gurudumu ndilo lililochelewa.

Kwingineko beringi ilikuwa imeshaanza safari yake. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alipata hataza ya ekseli yenye goroli, na mwaka 1898 Henry Timken wa Marekani akapata ya beringi yenye rola zilizochongoka upande mmoja. Aina hiyo ya pili ilifungwa kwenye Land Rover, zilizoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 na kuzoeleka katika barabara za vumbi za Tanganyika.

Kwenye magari hayo fundi alifungua habu, akaosha beringi kwa dizeli, akakagua rola, kisha akashindilia grisi mpya kwa kiganja. Nati ilikazwa huku gurudumu likizungushwa, ikalegezwa kidogo, ikafungwa kwa kotapini. Beringi iliyotunzwa hivyo ilidumu miaka mingi.

Toyota zilizotumika Japani zimebadili kazi hiyo. Nyingi zina beringi iliyofungwa kabisa: haiongezwi grisi, huondolewa nzima. Kwenye barabara za udongo na changarawe kama zile za vijiji vya Nyakasimbi huko Karagwe, tope la masika na mizigo mizito huchosha sili. Maji yakishaingia, kutu hula njia ya goroli.

Utambuzi bado unategemea sikio na mkono. Mngurumo wa beringi hupanda na mwendo wa gari, wala haufuati mzunguko wa injini. Ukibadilika kila aina ya barabara inapobadilika, tairi ndilo linaloshukiwa. Gari likikata kushoto, uzito huhamia kulia. Mlio ukizidi hapo, kwa kawaida beringi ya kulia ndiyo mbovu. Gurudumu likiinuliwa kwa jeki na kutikiswa, mchezo wa juu na chini huelekeza kwenye beringi au bolijointi. Wa kushoto na kulia pekee, kwenye ncha za usukani.

Kosa linalostahili kukomeshwa ni kuingiza beringi mpya kwa nyundo. Pigo hupita kwenye goroli na kuacha vishimo, na mlio hurudi mapema. Beringi hushindiliwa kwa presi, nguvu ikiwekwa kwenye ringi inayobana tu, kisha nati ya ekseli hukazwa kwa kipimo cha mtengenezaji.