Kisaami cha Inari: Lugha iliyoponea chupuchupu

KISAAMI cha Inari ni mojawapo ya lugha za Wasaami, wenyeji asilia wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi, Ufini na Rasi ya Kola nchini Urusi. Lugha hii huzungumzwa kandokando ya Ziwa Inari, na ndiyo pekee miongoni mwa lugha za Kisaami ambayo kihistoria imekuwa ya Ufini tu. Wasemaji wake wanakadiriwa kuwa mia chache.

Ingawa ina nasaba ya mbali na Kifini, wasemaji wa lugha hizi mbili hawaelewani. Sarufi yake ina umoja, uwili na wingi. Kwa mfano, "mun" ni mimi, "muoi" ni sisi wawili, na "mij" ni sisi tulio zaidi ya wawili.

Shirika la UNESCO limeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo katika hatari kubwa ya kutoweka. Hatari hiyo si ya kubuni. Kisaami cha Akkala, kilichozungumzwa nchini Urusi, kilipoteza msemaji wake wa mwisho aliyekimudu kikamilifu mwaka 2003.

Wasemaji wa Kisaami cha Inari, ambao kwa jadi ni wavuvi na wafugaji wa kulungu wa nchi za baridi, hawakuwahi kuwa wengi. Mwaka 1920 homa ya Kihispania iliwaua watu wengi wa eneo hilo. Hata hivyo, pigo kubwa zaidi lilitoka shuleni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watoto walipelekwa katika shule za bweni ambako masomo yalifundishwa kwa Kifini. Walipokuwa wazazi, wengi wao waliwalea wanao kwa Kifini. Kufikia miaka ya 1990, lugha ilikuwa imebaki hasa vinywani mwa wazee.

Juhudi za kuiokoa zilianza kwa chama cha lugha hiyo, Anarâškielâ servi, kilichoasisiwa mwaka 1986. Mwaka 1997 kilifungua "kiota cha lugha", yaani kituo cha malezi ambapo watoto wadogo husemezwa Kisaami cha Inari pekee. Mtindo huo ulibuniwa na Wamaori wa New Zealand katika miaka ya 1980. Wahenga walinena, udongo uwahi uli maji. Watoto hao waliijua lugha ambayo wazazi wao hawakuijua.

Lakini hapo ndipo tatizo jingine lilipojitokeza. Kati ya wazee na watoto palikuwa na pengo la watu wazima, na pasipo watu wazima hapawezi kupatikana walimu, wanahabari wala wazazi wa kuiendeleza lugha nyumbani. Ili kuliziba, watu wazima 17 walifunzwa lugha hiyo kwa mwaka mzima, kati ya 2009 na 2010. Mbali na masomo ya darasani, walikaa na wazee, wakashiriki kazi kama uvuvi na mapishi, na kujifunza maneno kutokana na kazi zenyewe. Baadhi yao baadaye wakawa walimu na walezi wa viota.

Sheria nayo imechangia. Sheria ya Lugha ya Kisaami, iliyoanza kutumika Ufini mwaka 2004, inawapa Wasaami haki ya kutumia lugha zao mbele ya mahakama na ofisi za serikali. Aidha, Kisaami cha Inari hufundishiwa shuleni na husikika redioni.

Hata hivyo, ushindi haujakamilika. Zaidi ya asilimia 60 ya Wasaami wa Ufini sasa wanaishi nje ya eneo lao la jadi, mbali na wazee na viota vya nyumbani. Wazee nao wanazidi kupungua, na kila anayefariki huondoka na maneno ya ziwa, samaki na majira ambayo huenda hayajaandikwa popote. Kwa hiyo, hatima ya lugha hii itategemea iwapo watoto waliolelewa viotani watawasemeza wana wao kwa lugha hiyo hiyo.