Muuza maji ni kupe?

Ndugu zangu, nimerudi kutoka kusini, nyumbani Rondo. Safari ilikuwa ya kikazi. Mhariri wangu alitaka habari kuhusu "wauza maji walivyowanyonya wananchi" mjini Lindi, miaka ile kabla ya maji ya Ng'apa kufika. Nimeiandika, maneno 400, imetoka. Lakini kuna jambo halikuenea katika maneno hayo 400, nalo linanikera. Nalileta hapa.

Kwanza niseme ninakotoka. Ukipanda Rondo ukauona ule msitu, utadhani tunaogelea kwa maji. Wapi! Kwetu mchanga wa juu unameza mvua, na maji yanafuatwa chini bondeni. Bibi yangu alishuka na ndoo alfajiri, akapanda nayo kichwani jua limeshachomoza. Hakuna aliyemlipa, wala hakuna aliyeiita kazi. Sisi tulikunywa tu.

Sasa turudi nyuma, tufike Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, aliyetawala alikuwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Jumba lake, Husuni Kubwa, lipo hadi leo juu ya mwamba unaotazama bahari, na ndani yake lipo bwawa la pembe nane. Neville Chittick alilifukua miaka ya 1960, na tangu 1981 magofu ya Kilwa yamo katika Urithi wa Dunia. Watalii wanalipiga picha bwawa lile. Mimi nilijiuliza swali la kitoto: nani alilijaza? Pampu hazikuwapo. Yale ambayo mvua haikuleta, watu waliyabeba. Jina la Sultani tunalo. La mbeba maji hatunalo hata moja.

Karne ya 19 Kilwa Kivinje ikawa bandari kubwa ya biashara ya watumwa. Kwenye nyumba za matajiri wa pwani, kuchota maji ilikuwa kazi ya mtumwa. Kwenye nyumba ya maskini ilikuwa kazi ya mke na binti. Wote hao walibeba bila ujira.

Juu kwenye uwanda wa Makonde hali ilikuwa kama ya kwetu, au mbaya zaidi. Mjerumani Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, aliandika juu ya uwanda usio na maji na watu wanaoyafuata bondeni. Miaka ya 1950 ndipo ukaja mradi wa kuyasukuma maji hadi juu kwa mashine, yakauzwa kwenye vioski kwa debe. Debe ni lile bati la mafuta ya taa, galoni nne. Liliingia pwani na mafuta, likabaki kuwa kipimo cha maji.

Baada ya Uhuru serikali ikasema maji yawe bure. Mwaka 1971 ikaahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya mita 400. Wafini wakaja Mtwara na Lindi kusaidia visima na pampu. Ilikuwa nia njema, sitaibeza. Ila 1991 ilifika, ahadi haikufika, na sera mpya ya mwaka huohuo ikasema wananchi wachangie. Wazee walioshuka bondeni walikuwa bado wanashuka.

Na Lindi mjini? Mradi wa Ng'apa ulitakiwa ukamilike mwaka 2015. Machi 2017 Rais Magufuli alipita, akakuta bado, akampa mkandarasi miezi minne. Hivi miaka yote hiyo Lindi ilikunywa nini? Ilikunywa madumu. Nilikuwa nasoma sekondari pale, nawakumbuka vijana wa baiskeli, dumu ubavuni huku na huku, wamelala kisimani kupanga foleni, pancha juu yao, jua la Lindi juu yao.

Sisemi walikuwa malaika. Kisima kikikauka bei ilipanda siku hiyohiyo, na maji mengine ungeyaona tope ndani ya glasi. Maskini alilipa kwa dumu zaidi ya alicholipa tajiri mwenye bomba. Hilo ni kweli na linauma.

Lakini tazameni mstari wote huo, tangu Husuni Kubwa. Maji ya pwani hii hayajawahi kuwa bure. Mtu fulani aliyalipia kwa shingo na mgongo wake. Katika mstari huo, muuza maji ndiye mbebaji aliyethubutu kusema: bega langu lina bei. Ndipo tukamwita kupe, neno tulilofundishwa enzi za Ujamaa kwa mtu anayekula jasho la wengine. Yeye alikula jasho la nani?

Nilipomsimulia bibi habari yangu ya gazetini, aliuliza kitu kimoja tu: hao vijana walikuwa wanalipwa? Nikamwambia ndiyo. Akacheka, akasema basi Mungu amewaona.

Nimekosa la kumjibu. Ninyi mnasemaje?