Kipando cha Rabai
Katika vilima vya Rabai, nyuma ya Mombasa, suala la nani amfunze farasi na kwa mtindo gani halikupata nafasi kubwa, kwa kuwa mbung'o, inzi aenezaye nagana, yaani malale ya mifugo, aliweza kumwangamiza farasi kabla mafunzo hayajazaa matunda. Mnamo Agosti 1846, wamisionari Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walipohamia huko wakiwa hoi kwa homa, walikuwa na punda mmoja tu waliyempanda kwa zamu. Na punda, ingawa naye haponi daima, huistahimili nagana kuliko farasi.

Elimu ya mnyama huyu ilikuwa ya namna nyingine. Wa mizigo alizoezwa kubeba shogi, yaani mfuko mkubwa wa ukili uning'iniao pande zote mbili za mgongo, ilhali punda weupe wa Maskati walithaminiwa Unguja kuwa vipando vya wenye uwezo. Huko Lamu, ambako mashindano ya punda hufanyika hadi leo wakati wa Maulidi, vijana huwapanda bila tandiko, ustadi ambao (bila cheti chochote) unastahili kuitwa shule ya upandaji, kwani hurithishwa kwa kazi ya kila siku, mdogo akimtazama mkubwa.