Mpagazi apewe nafasi kwenye ukuta wa darasa la awali Tabora

Februari 1926 mwanahistoria Carter G. Woodson alianzisha nchini Marekani wiki ya kuadhimisha historia ya watu weusi, na kufikia mwaka 1976 wiki hiyo ilikuwa imekuwa mwezi mzima. Leo, miaka 100 baadaye, watoto wa shule za awali huko hukata taa za barabarani za karatasi kumkumbuka Garrett Morgan na kubandika maganda ya karanga kumkumbuka George Washington Carver. Februari 2026 ilitimia pia miaka 20 tangu Tanzania iingize njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, pamoja na vituo vyake vya Bagamoyo, Mpwapwa, Kwihara na Ujiji. Mtoto wa Tabora anacheza juu ya njia hiyo kila siku. Ukutani mwa darasa lake kuna herufi, namba, matunda na wanyama, vitu vya lazima vyote. Pakiongezwa historia, kwa maoni yangu wa kwanza kuwekwa hapo ni mpagazi, kabla ya mtemi na kabla ya mgeni yeyote aliyepita.

Sababu ni kwamba njia hii ilifunguliwa kwa miguu ya Wanyamwezi. Misafara yao ilifika pwani karibu na mwaka 1800, miongo kadhaa kabla ya wafanyabiashara wa Kiarabu kujenga makazi yao Kazeh, yaani Tabora ya leo. Yaliyofuata yanajulikana: mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora mwaka 1871, mtemi Isike alijilipua kwa baruti ndani ya ngome yake mwaka 1893 ili Wajerumani wasimkamate, na reli ilifika Tabora mwaka 1912. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, anasisitiza kwamba wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, wenye ujuzi na desturi zao. Mbele alitangulia kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, amevaa joho jekundu na kilemba cha manyoya; nyuma yake mzigo wa kawaida ulikaribia frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30. Richard Burton, aliyefika Kazeh mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walikuwa wakibeba pembe ndogo ya ndovu begani ili waizoee kazi. Umri huo haupishani sana na ule wa darasa la awali.

Tukio moja lililopita Tabora linatosha kuonyesha watu wa misafara hii walikuwa na akili gani. David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, karibu na Ziwa Bangweulu, mapema Mei 1873. Waajiriwa wake, Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright, Halima mpishi na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kuelekea pwani. Walipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, mwezi Oktoba, walimkuta Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, naye akawashauri wamzike palepale, kwa kuwa mbele kulikuwa na hatari. Walikataa. Cameron alikuwa ofisa, wao walikuwa waajiriwa wa marehemu, na bado neno lao ndilo lililosimama. Walipofika Kasekera, wenyeji walishtuka kwamba maiti itapita kwao, ndipo wasafiri hao wakabuni mbinu. Walikata mabua ya mtama, wakayafunga urefu wa mtu, wakayaviringisha nguo kama maiti. Wakapachika karatasi iliyokunjwa kama barua kwenye kijiti kilichopasuliwa, wakawatuma watu sita warudi Unyanyembe na mzigo huo kana kwamba wanakwenda kuzika. Watu hao waliingia porini, wakayatawanya mabua, wakarejea kimyakimya. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa upya kama robota la nguo, na Februari 1874 ukafika Bagamoyo. Huko Ulaya safari hiyo ilisimuliwa kama hadithi ya utiifu kwa bwana. Mimi naona hapo watu waliojadiliana, wakaamua na kutekeleza.

Wapo watakaosema njia hii ni ya minyororo, na mtoto wa miaka mitano hapaswi kuoneshwa minyororo. Nakubaliana nao kuhusu minyororo. Chuma mwenyewe aliokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861, na habari hiyo itamfaa mtoto akishakua kidogo. Hata habari ya maiti inaweza kusubiri. Lakini kuificha njia nzima kwa ajili ya uchungu wake kunamnyima mtoto wale waliotembea kwa hiari na kulipwa. Wengine watasema awali ni mahali pa kumwandaa mtoto kwa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni kweli, na msafara una vya kuhesabu tele: shanga, kauri, mizigo, siku za safari. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 imelipa somo la Historia ya Tanzania na Maadili nafasi yake katika madarasa ya juu. Mtoto atakayefika huko akiwa tayari anamjua kirangozi hataanzia gizani.

Vifaa havihitaji bajeti. Mabua yanapatikana kila baada ya mavuno, udongo wa mfinyanzi upo, maboksi hutupwa madukani, na gundi ni uji mzito wa unga wa muhogo. Mtoto anaweza kufunga robota la mabua na kitambaa, kutengeneza kilemba cha manyoya ya kuku, na kupachika barua kwenye kijiti kilichopasuliwa kama ile ya Kasekera, kisha darasa zima likapanga msafara nyuma ya kirangozi wao. Nje kidogo ya mji, tembe la Kwihara linajulikana kwa wageni wawili, Livingstone na Stanley, na wanafunzi wakipelekwa huko husikia zaidi majina hayo. Picha za Susi na Chuma zipo, zilipigwa Uingereza mwaka 1874. Kuzichapa na kuzibandika kwenye manila hakuzidi uwezo wa shule wala wa halmashauri. Halima achorwe na watoto wenyewe, na chungu chake wakifinyange kwa mikono yao.