Trakta za mvuke za Fungurume: safari ya 1915 na namna ya kuunda mfano wake

Kila siku makamyo yenye kubeba shaba na kobalti yanapita Fungurume, kati ya Kolwezi na Likasi, yakielekea mpaka wa Kasumbalesa. Watu wamezoea kuyaona. Lakini ni wachache wanaojua kwamba mwaka 1915, hapo hapo Fungurume, zilianza safari trakta mbili za mvuke, masini za kutembea barabarani kwa moto wa kuni. Zililetwa kuvuta mashua mbili za vita kupitia milima ya Mitumba.

Masini za aina hiyo hazipo tena barabarani. Huko Ulaya, Marekani na Japani kuna watu wanaozihifadhi kwa njia ya mifano midogo: wananunua vipande ndani ya karatoni, wanaviunganisha kwa kole, wanapaka rangi. Kazi hiyo inawezekana Kolwezi pia, kwa waya, mikebe na tiyo za plastiki. Makala hii inaeleza masini yenyewe, safari yake, na namna ya kuunda mfano wenye vipimo sahihi.

Trakta ya mvuke ni nini?

Ni kama lokomotive isiyohitaji reli. Mbele kuna tangi refu la mviringo lenye maji, na juu yake bomba la moshi. Nyuma kuna sanduku la moto ambamo kunaingizwa kuni au makaa ya mawe. Moshi wa moto unapita ndani ya tiyo nyembamba zilizozungukwa na maji, maji yanachemka, mvuke unajikusanya kwa nguvu. Mvuke huo unaingia ndani ya silinda na kusukuma pistoni, mbele na nyuma. Pistoni inazungusha mtaimbo, na pembeni kuna gurudumu zito linalosawazisha mwendo. Kutoka hapo, meno ya chuma yanapeleka nguvu kwenye magurudumu makubwa ya nyuma.

Mfaransa Nicolas-Joseph Cugnot alijaribu gari la mvuke toka mwaka 1769, kwa ajili ya kuvuta mizinga. Gari lake bado linaonyeshwa kwenye makumbusho huko Paris. Lakini masini hizo zilienea hasa Uingereza katika karne ya 19, kutoka viwanda kama Burrell wa mji wa Thetford, Fowler wa Leeds, na Aveling and Porter wa Rochester. Zilivuta majembe, mbao, mawe, na mizigo mizito isiyoweza kupita kwa farasi.

Shida yake ni moja: inakula kuni na inakunywa maji bila kuchoka. Maji yakipungua mno ndani ya tangi, chuma kilicho juu ya moto kinaungua na masini inaweza kupasuka. Kwa hiyo dereva wa trakta ya mvuke anafikiria maji mbele ya kufikiria njia.

Kwa nini zilifika Fungurume?

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa wakitawala Ziwa Tanganyika kwa meli zao. Mwezi wa nane mwaka huo waliharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Mwaka 1915 mwindaji mmoja, John Lee, alipeleka wazo London: mashua ndogo zenye mbio zisafirishwe kupitia Afrika ya Kusini na Katanga mpaka ziwani. Wakubwa wa jeshi la maji la Uingereza walikubali. Kamanda alikuwa Geoffrey Spicer-Simson.

Mashua hizo zilikuwa na urefu wa mita 12 hivi. Ziliitwa Mimi na Toutou. Mwenye kusikia Kiswahili atacheka jina la kwanza, lakini yalichukuliwa kwenye Kifaransa cha watoto: paka na mbwa.

Zilitoka Uingereza kwa meli mwezi wa sita, zikafika Cape Town, zikapanda treni. Reli ilikuwa imefika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, lakini Bukama ilifikiwa mwaka 1918 tu. Kwa hiyo mwezi wa nane 1915 mashua zilishushwa Fungurume. Mbele yake kulikuwa pori, milima, na kilomita karibu 235 mpaka Sankisia, ambako kulikuwa kipande cha reli cha kufika Bukama.

Siku 41 njiani

Msafara uliondoka Fungurume tarehe 18 mwezi wa nane. Ulifika Sankisia tarehe 28 mwezi wa tisa. Ukigawanya, ni chini ya kilomita 6 kwa siku.

Mamia ya wafanyakazi Waafrika walikata miti, waling'oa visiki, walijaza mashimo na kutengeneza madaraja ya magogo. Hata hivyo madaraja mengine yalilegea chini ya uzito wa trakta. Kwenye milima, ambako njia ilipanda mpaka karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, trakta peke yake hazikuweza. Waliongeza ng'ombe, kamba na vyuma vya kuvutia vilivyofungwa kwenye miti.

Na maji? Mwezi wa nane na wa tisa ni mwisho wa kiangazi Katanga: mito midogo imekauka, vumbi jekundu liko kila mahali. Kungoja mvua nako hakukuwezekana, maana matope yangefunga njia. Masimulizi ya msafara yanaeleza kwamba wanawake wa vijiji vya karibu walibeba maji kichwani, kutoka mbali, kwa ajili ya matangi ya trakta. Majina ya maofisa yameandikwa vitabuni. Majina ya mama hao hayakuandikwa.

Kutoka Bukama mashua zilishuka mto Lualaba mpaka Kabalo, zikapanda treni tena mpaka ziwani. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili 1915 zilikamata meli ya Wajerumani Kingani. Tarehe 9 mwezi wa pili 1916 meli ya pili, Hedwig von Wissmann, ilizama. Meli kubwa Graf von Götzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe mwezi wa saba 1916. Baadaye ilitolewa majini na kupewa jina la Liemba.

Kuchagua kipimo

Mfano mzuri unaanza na hesabu. Kipimo cha 1 kwa 24 maana yake kila sentimita 24 za kitu halisi zinakuwa sentimita 1. Mifano ya kununua ya trakta za mvuke inapatikana pia katika 1 kwa 16. Kwa anayetengeneza mwenyewe, 1 kwa 24 inafaa: inaonekana vizuri na haijazi nyumba.

Kwa trakta ya kawaida ya aina ya Kiingereza ya wakati ule, hesabu ni kama ifuatavyo:

- Urefu wote, mita 5 na nusu hadi 6: sentimita 23 hadi 25.
- Gurudumu la nyuma, mita 2: sentimita 8 na kidogo.
- Gurudumu la mbele, mita 1.20: sentimita 5.
- Unene wa tangi la maji, sentimita 80: milimita 33 hivi.
- Mtu wa mita 1.70: sentimita 7.
- Mashua ya mita 12: sentimita 50.

Na njia je? Kilomita 235 katika kipimo hicho hicho zinakuwa karibu kilomita 10. Mfano wa njia yote ungetoka katikati ya mji mpaka nje ya mji.

Vifaa na hatua

1. Tangi. Tiyo ya plastiki ya milimita 32, ile ya mafundi wa maji, inakaribia kabisa kipimo. Kata sentimita 10 hivi, sugua kwa msasa ili rangi ishike.

2. Sanduku la moto na sehemu ya dereva. Bati la mkebe linakunjwa kwa koleo. Kunja kingo ndani kwanza, maana bati linakata vidole.

3. Magurudumu. Mikebe yenye upana wa sentimita 8 inafaa nyuma. Pete yake iwe na upana wa sentimita 2. Mikono ya ndani inatengenezwa kwa waya mgumu, na kila mkono unafika kwenye kitovu. Juu ya pete, bandika vipande vyembamba vya bati vikiwa vimelala kwa mshazari: ndivyo vilivyosaidia masini kushika udongo.

4. Silinda, pistoni na mtaimbo. Hapo ndipo waya wa mukuba, yaani shaba, unapendeza. Waya wa umeme wa zamani unatosha. Ukitaka sehemu hizo zisogee gurudumu likizunguka, jaribu kwanza kwa karatasi ngumu.

5. Usukani. Trakta hizo hazikuwa na usukani kama wa kamyo. Usukani ulizungusha mtaimbo wa chini, na minyororo miwili ilivuta ekseli ya mbele kushoto au kulia. Mnyororo wa mkufu uliokatika ni mzuri kwa kazi hiyo.

6. Rangi. Viwanda vilipaka trakta zao rangi za kung'aa, lakini masini iliyotembea wiki sita Katanga haing'ai. Paka kwanza rangi ya giza, ikauke, kisha pitisha vumbi jekundu la barabarani lililochanganywa na kole nyepesi ya maji, hasa kwenye magurudumu na chini ya tangi. Bomba la moshi libaki jeusi.

Tahadhari kubwa

Kuna mifano inayotembea kwa mvuke wa kweli. Kampuni ya Kiingereza Mamod ilianza kuuza trakta ndogo ya namna hiyo mwaka 1963. Tangi lake linatengenezwa kwa chuma kilichopimwa, na lina vali inayoachia mvuke ukizidi. Mtu asijaribu kuiga hiyo nyumbani kwa mkebe uliofungwa. Mkebe wenye maji, uliozibwa na kuwekwa motoni, ni bomu: utapasuka, na maji ya moto na bati vitaruka usoni. Mfano wa mezani hauhitaji moto. Watoto wanaounda magari ya waya wasimamiwe na mtu mzima wakati wa kukata bati.

Watu kwenye mfano

Mifano mingi inaonyesha masini peke yake, safi, juu ya ubao. Kwa safari ya Fungurume hiyo haitoshi. Weka njia ya udongo, magogo mawili matatu ya daraja, rundo la kuni. Weka wafanyakazi wenye mashoka. Kisha weka mstari wa wanawake wa sentimita 7, kila mmoja na chombo cha maji kichwani, wakielekea kwenye tangi.

Mwisho, andika kadi ndogo na uibandike mbele: «Fungurume mpaka Sankisia, 18/8 hadi 28/9/1915, kipimo 1 kwa 24.» Ongeza mstari mmoja juu ya wale waliokata njia na waliobeba maji. Ikiwekwa darasani au kwenye ukumbi wa parokia, mwanafunzi ataona kwa jicho lake kile ambacho kitabu cha historia kinapita haraka.