Wimbo Ambao Hakuna Aliyekufundisha

Mwaka jana mtoto wa jirani yangu alitimiza miaka 4. Tulikusanyika kwenye korido ya ploti, watu kama 12 hivi, keki ya supamaketi juu ya stuli, na vijana wawili wamejificha bafuni na ndoo ya maji wakimngojea mamake, maana mtoto wa miaka 4 huwezi kummwagia. Shosho alikuwa amekuja kutoka Murang'a. Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu. Lakini mshumaa ulipowashwa, yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Aliuanza juu sana, sote tukang'ang'ana kumfuata, na hakuna aliyekosea neno hata moja.

Baadaye, nguo zikianikwa, nilimuuliza, "Shosho, huu wimbo ulifunzwa na nani?"

Akaniangalia kama nimemuuliza nani alimfunza kupiga chafya. "Si ni wimbo tu," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo tangu siku hiyo, kwa sababu kuna kampuni iliyoingiza mamilioni ya dola kwa kushikilia kwamba si wimbo tu. Ni mali, na ina mwenyewe.

Tuanze na swali lenyewe: ni wimbo gani unaojulikana na watu wengi zaidi duniani? Jibu linategemea unapima na nini. Ukipima na YouTube, utasema ni Baby Shark ya Pinkfong kutoka Korea Kusini. Iliipita Despacito Novemba 2020, na Januari 2022 ikawa video ya kwanza kutazamwa mara bilioni 10. Lakini mara bilioni 10 si watu bilioni 10. Mtoto mmoja mwenye simu ya mamake anaweza kuitazama mara 100 kwa wiki. Ukipima na mauzo, wengi watataja White Christmas ya Bing Crosby, inayokadiriwa kuuza nakala milioni 50. Sasa panda matatu yoyote ya Kayole uulize nani anaweza kuiimba mpaka mwisho. Kuna pia Silent Night, iliyoimbwa mara ya kwanza mkesha wa Krismasi wa 1818 katika kijiji cha Oberndorf, Austria, na ambayo imetafsiriwa katika lugha nyingi kupindukia, Kiswahili kikiwemo. Lakini hiyo inangoja Desemba.

Happy Birthday to You haingoji mwezi wala dini. Kila siku kuna mtu anaongeza mwaka. Mwaka 1998 kitabu cha Guinness World Records kiliutaja kuwa wimbo unaotambulika zaidi katika lugha ya Kiingereza. Mwanasheria Robert Brauneis wa Chuo Kikuu cha George Washington alipochapisha utafiti wake kuuhusu, kichwa chenyewe kiliuita wimbo maarufu zaidi duniani. Na umevuka Kiingereza kitambo. Wabrazili wana maneno yao ya Kireno, yaliyoshinda shindano la redio mwaka 1942. Mimi nampa ushindi kwa sababu nyingine: huu wimbo huutafuti, huununui, hauchezwi kwanza redioni ndio uupende. Unazaliwa, unaukuta unakungoja.

Lakini uliza watu hao hao ni nani aliyeutunga. Kimya.

Walikuwa dada wawili wa Kentucky, Marekani: Mildred Hill, aliyezaliwa 1859, na Patty Smith Hill, aliyezaliwa 1868. Baba yao alikuwa mchungaji na mkuu wa shule ya wasichana, na aliamini kwamba binti anapaswa kusoma na kuwa na kazi yake mwenyewe. Katika enzi hiyo, huo haukuwa msimamo wa kawaida. Mildred alikuwa mpiga piano na mtunzi, mtu wa kuchunguza muziki. Alivutiwa na nyimbo za Wamarekani Weusi mpaka akaandika makala kuhusu muziki wao, iliyotoka katika jarida moja la Chicago mwaka 1892. Aliitia sahihi ya jina la kiume, Johann Tonsor. Patty alikuwa mwalimu wa chekechea mjini Louisville, kati ya wale waliosema mtoto hujifunza kwa kucheza, si kwa kukaa amefunga mikono.

Dada hawa walikuwa na mbinu yao. Mildred anatunga sauti, Patty anaweka maneno, halafu wimbo unapelekwa darasani. Watoto wakishindwa, unarudi nyumbani kurekebishwa. Unapunguzwa, unarahisishwa, unajaribiwa tena, mpaka hata mdogo kabisa aushike. Mwaka 1893 nyimbo hizo zilitoka katika kitabu, Song Stories for the Kindergarten, kilichochapishwa na Clayton F. Summy wa Chicago. Mmoja wao uliitwa Good Morning to All. Ulikuwa wa mwalimu kuwasalimia watoto asubuhi. Hakukuwa na keki wala mshumaa ndani yake. Ila sauti ni ile ile aliyoianzisha Shosho pale koridoni.

Kazi yao ilikuwa safi. Mistari 4, maneno yale yale yakirudiwa, nafasi moja tu ya kubadilisha. Kosa ni moja: katika mstari wa tatu, ule wa kutaja jina, sauti inaruka oktavu nzima. Hapo ndipo kila sherehe duniani huimba kama mbuzi.

Maneno ya bathdei yalitoka wapi? Miaka mingi baadaye, mwaka 1935, Patty alihojiwa chini ya kiapo na akaeleza kwamba darasani walikuwa wakiibadilisha salamu hiyo kulingana na siku: kuagana, sikukuu, mtoto akitimiza mwaka. Watoto wakaenda nayo nyumbani. Nyumba zikaambukizana. Kufikia 1912 maneno ya bathdei yalikuwa tayari yamechapishwa katika vitabu bila jina la mtunzi. Ni kama nyimbo zetu za kuruka kamba. Nani alizitunga? Mtaa.

Mildred alifariki 1916. Hakuona kilichofuata. Miaka ya 1930 wimbo uliingia jukwaani na kwenye biashara. Mwaka 1933 Western Union ilianzisha telegramu za kuimbwa, na wa kwanza kuimbiwa alikuwa mwimbaji Rudy Vallée, siku yake ya kuzaliwa. Mwaka huo huo, tamthilia ya muziki ya Broadway, As Thousands Cheer, ilikuwa ikiutumia usiku baada ya usiku. Dada yao mwingine, Jessica Hill, alichoka. Hapa kuna sauti iliyotungwa na Mildred, watu wananunua tiketi, na hakuna anayelipa wala anayetaja jina. Mwaka 1934 akaenda mahakamani.

Mimi niko upande wa Jessica kabisa. Nikueleze ni kwa nini. Baada ya kuacha chuo mwaka wa pili, niliishi kwa kuandika chochote: wasifu wa watu, maneno ya mabango, hotuba za harusi. Biashara moja ndogo iliniomba maneno ya tangazo la redio, ya kuimbwa, sekunde 8. Nililipwa 3,000 kwa M-Pesa, baada ya miezi mitatu ya "nitakucheki." Siku moja nikasikia watoto wa ploti wakiyaimba wakicheza kati. Nilisimama kwenye ngazi nikiwa na mtungi wa maji, nikatabasamu kama mjinga. Halafu nikampigia yule mteja kuomba angalau anitambue kama mwandishi, nipate kazi nyingine. Akanijibu, "Lakini hiyo sasa ni ya watu wote, boss."

Alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameniibia, vyote katika sentensi moja. Kwa hivyo nikisikia mtu akisema wimbo ni wa wote, huwa nangoja kwanza nione ni nani anayesema, na mfuko wake uko upande gani.

Rudi 1935. Kampuni ya Summy ilisajili haki za wimbo huo chini ya jina la bathdei. Kuanzia hapo, karatasi ikaanza maisha yake yenyewe, kando na wimbo. Kampuni ziliuzwa, zikabadilishwa majina, na mwaka 1988 karatasi hiyo ikafika mikononi mwa Warner, iliponunua kampuni iliyoishikilia kwa bei iliyoripotiwa kuwa dola milioni 25. Mapato ya wimbo huu mmoja yalikadiriwa kufika dola milioni 2 kwa mwaka. Haki itendeke: sehemu ya pesa hizo ilienda kwa chama cha elimu ya watoto wadogo, kwa niaba ya ukoo wa Hill. Patty, aliyefariki 1946, pengine angefurahia hilo.

Kwako nyumbani ungeimba bure. Shida ilianza ukiimba mahali pa biashara. Migahawa mingi ya Marekani ilijitungia nyimbo zake za kupigapiga makofi, ili wahudumu wasiimbe ule halisi. Watengenezaji wa filamu walikata sherehe ukifika wakati wa kuimba, au wahusika wakaimba kitu ambacho hakuna mtu huimba. Wimbo unaojulikana kuliko zote ukawa haupo katika picha za maisha ya watu wanaouimba.

Juni 2013, mtengenezaji filamu Jennifer Nelson aliyekuwa akiandaa filamu kuuhusu wimbo wenyewe alienda mahakamani. Alikuwa ametozwa dola 1,500 kuutumia. Miezi miwili baadaye, tarehe 5 Agosti, gari la NASA liitwalo Curiosity lilitimiza mwaka mmoja kwenye sayari ya Mars, na wahandisi wakakiamuru kifaa chake kimoja kitetemeke kwa noti za Happy Birthday. Hebu fikiria. Wimbo wa darasa la chekechea la Louisville uko Mars, na huku duniani watu bado wanabishana nani alipwe.

Kesi iligeuzwa na kitabu kikuukuu. Mwaka 2015, kati ya nyaraka zilizotolewa na upande wa kampuni, mawakili wa Nelson waliona nakala ya kitabu cha nyimbo za shule cha 1927. Chini ya wimbo palikuwa na mstari mmoja uliofifia, hausomeki. Wakatafuta matoleo ya zamani zaidi, wakafika la 1922. Hapo mstari ulisomeka vizuri: kampuni ya Summy ilikuwa imeruhusu wimbo uchapishwe, na hakukuwa na tangazo lolote la hakimiliki, wakati sheria ya Marekani ya siku hizo ililitaka. Hiyo ni miaka 13 kabla ya usajili wa 1935.

Tarehe 22 Septemba 2015, Jaji George H. King wa Los Angeles aliamua. Cha kushangaza, hakuhitaji hata kukiegemea kitabu hicho. Alisema usajili wa 1935 ulihusu mipangilio fulani ya piano tu, na kwamba hakuna ushahidi kuwa kampuni iliwahi kupewa haki za maneno. Mwaka 2016 Warner ilikubali kurudisha dola milioni 14 kwa waliolipishwa, na wimbo ukawa huru rasmi. Kule Ulaya, hata kama Patty ndiye aliyeandika maneno, muda ungeisha mwishoni mwa mwaka huo huo, miaka 70 baada ya kifo chake. Kwa hesabu ya sheria yetu ya Kenya, miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, ungekuwa umeisha mwishoni mwa 1996. Mimi sijazaliwa.

Wengi husimulia hadithi hii kama ushindi wa watu wadogo, na ni ushindi. Lakini mimi huona kitu kingine. Kampuni iliweza kukaa juu ya wimbo huo miaka yote hiyo kwa sababu hakuna mtu barabarani aliyejua ulitoka wapi. Penye pengo la jina la mtunzi, mwenye karatasi huandika lake. Sisi wenyewe tunajua maumivu haya: Malaika umeimbwa na Miriam Makeba na Boney M., umezunguka dunia, na bado hapa Afrika Mashariki watu hukasirikiana kuhusu nani aliutunga, Fadhili William au mwingine.

Kwa hivyo sikubaliani na yule mteja wangu, na sikubaliani na kampuni pia. Wimbo unaweza kuwa wa wote na bado ukawa na mtu aliyekesha akiutengeneza. Acha watu waimbe bure. Lakini jina liandikwe. Mildred alitunga sauti. Patty aliwapelekea watoto. Watoto, ambao majina yao hayako popote, wakaufanya kuwa wa bathdei.

Siku hizi nikipewa kazi ya kuandika, kabla ya kuuliza bei, nauliza jina langu litakaa wapi. Nimekosa kazi mbili hivi kwa sababu ya hilo swali.

Mwezi ujao mtoto anatimiza miaka 5. Nilimpigia Shosho nikamwambia habari za wale dada wa Kentucky. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama walikuwa na watoto. Nikamwambia Patty hakuwahi kuolewa, na hakuwa na watoto wake wa kuzaa. "Haya basi," akasema, "nitawaimbia vizuri." Nimemwomba kitu kimoja tu: safari hii auanze chini kidogo, kwa sababu ya ule mstari wa tatu.